Vibomba Viwili, Ekzosi Moja

Benchi la kijiwe chetu ni mbao mbili juu ya matofali, na wanaolikalia ni mabingwa wa kila kitu ambacho hawakusomea. Alasiri ile walimpata mgonjwa. Radi, dereva wa bodaboda, alikuwa amelala peke yake wiki nzima. Mkewe alikuwa amembeba mtoto wao wa miezi miwili akahamia kwa dada yake, mtaa wa pili, kwa sababu kila pikipiki ilipoingia nyumbani mtoto aliruka na kulia mpaka akakaukiwa na sauti. Neno aliloacha lilikuwa moja: ekzosi ikinyamaza, narudi. Basi Radi akanunua vibomba viwili vya matundu, vile vinavyochomekwa ndani ya ekzosi kupunguza kelele, kimoja kirefu na kingine kifupi. Kisha, maskini ya Mungu, akaomba ushauri kijiweni.

— Tunaanza na kirefu, alisema Fundi. Miaka ishirini ya gereji ilikuwa imemwachia sikio moja linalosikia, nalo la kubembelezwa.

— Kirefu kitakula nguvu ya injini, alipinga Mzee Mita. Huyu alistaafu kusoma mita za maji, na tangu hapo hupima kila kitu kwa macho. — Moshi ukibanwa, injini inakabwa koo.

— Mzee, moshi usipobanwa kidogo, mlimani pikipiki inalegea! Nani fundi hapa?

— Wewe fundi, mimi nina akili.

Fundi alikuwa ameshika spana mkono mmoja na kikombe cha kahawa mkono mwingine. Alikaza bolti ya ekzosi huku akibishana, akampungia Radi aende. Radi akapiga kiki, akazunguka mpaka kwenye kona, akarudi.

— Umeona? Imetulia kama maji mtungini! Fundi alijipiga kifua.

— Imetulia, lakini imechoka, alisema Mzee Mita. Imerudi inahema.

Radi mwenyewe masikio yalikuwa yakimlia ngiii. Lakini angebishana vipi na mabingwa? Moyoni alitaka tu mtu amwambie kwamba leo mkewe atarudi.

— Weka kifupi, alisema.

Fundi alifungua bolti, akafunga bolti, mdomo haukufunga hata mara moja. Radi akazunguka tena.

— Hiyo sasa! Mzee Mita alinyanyuka, Fundi nusura aanguke na benchi lake. Hiyo ina nguvu! Sauti inatangulia mbele, inapasua hewa, pikipiki inapita penye njia tayari.

— Kweli kabisa, na moshi unaisukuma kwa nyuma, aliongeza Fundi. Kuna jamaa alifunga kifupi, akawa anapanda mlima injini imezimwa.

— Mlima gani huo?

— Mlima, mzee! Unataka na anwani?

— Jamani, mtoto je? Radi aliuliza. Atalala?

— Atalala vizuri mno! Mtoto anapenda mngurumo wa chini, Mzee Mita alisema bila aibu. Watoto wote wanaolia wanalilia mngurumo.

Hapo mwanamke akasimama mbele yao, mtoto mgongoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa mke wa Radi. Radi alisimama haraka, tabasamu hadi masikioni.

— Mama mtoto! Nimeshatengeneza. Umesikia tofauti?

— Nimekusikia mara mbili kutoka kwa dada. Mara zote mbili mwanao ameruka. Akatazama benchi. Na hivyo hapo ni nini?

— Ndivyo vyenyewe, vipunguza kelele.

— Viko vingapi kwa jumla?

— Viwili.

— Basi mlipokuwa mnapima, ndani ya ekzosi mlifunga kipi?

Vibomba vyote viwili vilikuwa juu ya benchi, vipya, vinang'aa, havina hata doa la moshi. Fundi alitazama spana. Mzee Mita alichungulia ndani ya kikombe chake cha kahawa kwa makini, utadhani jibu limezama humo.

Mwanamke aligeuka akaanza kuondoka. Radi alivitia vibomba mfukoni, akashika usukani, akaanza kuisukuma pikipiki kwa mikono.

— Ngoja nikufungie kimoja! Fundi aliita.

— Kunywa kahawa yako, Radi alijibu.

Aliisukuma kwenye jua kali, jasho likimtiririka, aibu ikimchoma, injini kimya. Kwenye kona mkewe alisikia matairi nyuma yake. Akapunguza mwendo, akamsubiri.