Mkunga Aliyegoma Kutoka Jela

Kijiwe chetu ni benchi moja refu nje ya duka la Kufuli, fundi wa kuchonga funguo na kufungua milango iliyowashinda wenyewe. Mimi ni fundi cherehani, mlango wa pili. Mwenzetu Gazeti hukaa katikati kwa sababu husoma kwa sauti hata asipoombwa, na Nyapara, fundi bomba mstaafu, hukaa karibu na birika la kahawa kwa sababu anajijua. Asubuhi moja Kufuli alirudi shati limejaa kutu. Jela kuukuu ya mwisho wa mtaa inageuzwa maktaba, akaitwa afungue milango ambayo funguo zake zilishapotea.

— Vyumba tisa vidogo nimefungua, akasema. Cha kumi kikubwa, hakina dirisha. Sakafuni kuna chuma kirefu, ukuta hadi ukuta. Cha kufungia nini?

— Miguu, akasema Nyapara.

— Ya nani?

— Ya wote.

Gazeti akakohoa. Akikohoa, ujue somo limeanza.

— Zamani jela haikuwa adhabu, bwana. Ilikuwa mahali pa kusubiri. Unasubiri viboko, unasubiri kukatwa sikio, unasubiri kufukuzwa mjini. Kumweka mtu ndani miaka mitano tu, ndiyo iwe adhabu yenyewe, hilo limekuja baadaye.

— Nani alilianzisha?

— Mafundi kufuli, nikadakia. Kazi ilikuwa imedorora.

— Wewe shona suruali za watu! akafoka Kufuli. Mimi naona ni mwanamume aliyefungiwa nje na mkewe, akasema lazima kuna mtu atalipa.

— Acheni utani, akasema Gazeti. Wakaja wataalamu, wakasema mtu akikaa peke yake kimya, dhamiri itamsemesha. Kila mtu chumba chake. Akitoka kuota jua, anavishwa kofia ya kufunika uso asimwone mwenzake.

— Dhamiri ikawasemesha?

— Wengine walianza kuijibu kwa sauti.

— Duh!

— Na kwingine walikanyagishwa gurudumu kutwa nzima, wanapanda ngazi zisizofika popote.

— Linasaga nini?

— Mara nyingine nafaka. Mara nyingine upepo.

Nyapara akaweka kikombe chini. Jina hilo tulimpa kwa ajili ya babu yake, aliyekuwa askari wa jela hiyo hiyo.

— Nyinyi mnasema ya vitabuni. Chumba hicho cha Kufuli, mwizi wa kuku, muuaji, mgonjwa wa akili na mama mjamzito walilala pamoja. Chakula akuletee ndugu. Huna ndugu, unatazama wenzako wakitafuna. Basi yule mama akashikwa na uchungu. Babu akamwita mkunga. Akamzalisha salama, mtoto akalia. Babu akafungua mlango ili amtoe, mkunga akasema, “Sitoki.”

— Hatoki vipi?

— “Sitoki mpaka wanawake wapate chumba chao. Huyu mtoto ana kesi gani?”

— Babu yako akafanyaje?

— Alicheka. Jioni akaacha kucheka. Siku ya pili mkunga yumo, anawapangia watu zamu za kulala mlangoni penye hewa. Siku ya tatu mji mzima uko nje, waume wanauliza nani atawazalisha wake zao. Mkuu wa jela yuko safarini. Babu akatoa magunia ghalani, akawahamishia wanawake humo, ndipo mkunga akatoka.

— Mkuu aliporudi?

— Alimtia babu kwenye chuma hicho siku kumi na moja. Babu alidhani wafungwa watammaliza. Walimpa nafasi mlangoni.

Gazeti akamwongezea kahawa.

— Na wanawake? nikauliza.

— Mkuu alitaka kuwarudisha. Mkunga akamwambia, “Mkeo ana miezi minane, mzee.” Wakabaki ghalani.

Kufuli akajipiga paja.

— Huyo ndiye! Hivyo ndivyo jela inavyobadilishwa. Siyo makaratasi.

— Makaratasi yalifuata, akasema Gazeti. Lakini lazima aanze mtu wa kuingia.

— Hapo umenena!

Tulikuwa tunagonganisha vikombe mama mmoja aliposimama mbele yetu na kikapu, vumbi la safari miguuni.

— Habari zenu, wanangu.

— Nzuri, mama, karibu, akajibu Nyapara kwa niaba yetu.

— Natafuta rafiki za Redio. Mimi ni mama yake.

Redio ni fundi wa simu na redio, aliyekaa nasi benchi hili miaka minne. Alihukumiwa mwaka jana, akapelekwa jela mpya, ile ya nje ya mji.

— Ndio sisi, mama, akasema Kufuli kwa fahari kidogo. Kaa.

— Sikai, wanangu. Nataka kuuliza tu. Siku ya kuwaona wafungwa ni ipi?

Nyapara akamtazama Gazeti. Gazeti akanitazama mimi. Mimi nikatazama sindano yangu.

— Ina maana, akasema mama taratibu, hamjawahi kwenda?

Kufuli akasimama, akavuta mlango wa duka, akaufunga saa tano asubuhi. Akakipokea kikapu.

— Hatujui, mama. Twende tukaulize.

Sisi watatu tuliobaki tukainuka, tukamfuata.