Lebeko Ramaisa na Ukuta wa Kimeta

Marehemu Ntate Lebeko Ramaisa, ambaye leo tumemzunguka hapa Ha Phafoli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji hiki hiki, wilaya ya Mokhotlong, Lesotho, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, Ntate Sekake, na mama yetu, 'M'e 'Malebeko, akafuatiwa miaka sita baadaye na Khoaele, ambaye ndiye anayesoma karatasi hii, na ameiandika mwenyewe bila kumpa mwalimu asahihishe, kwa hiyo atakayesikia kosa alimeze.

Marehemu alianza shule ya misheni mwaka 1967, akaiacha darasa la nne mwaka 1970 kwa kuwa ng'ombe wa baba walikosa mchungaji, na mwezi Februari 1977 alivuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, ambako aliteremka chini ya ardhi kwa miaka kumi na miwili bila kukosa zamu hata moja. Tarehe 5 Septemba 1981 alimwoa 'M'e 'Mapuseletso kwa mahari iliyotimia, wakajaliwa watoto wawili, Puseletso mwaka 1983 na Lehana mwaka 1986.

Jumamosi tarehe 11 Novemba 1989, marehemu akiwa likizo, Phatšoa, maksai wa baba, alikutwa amekufa katika shamba la chini, penye chemchemi, tumbo limevimba, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi. Lebeko aliiogopa damu ile, akasema aitwe bwana mifugo kwanza, lakini baba akamcheka mbele ya wanaume wote, "Huko mgodini wamekufundisha kuogopa nyama?" naye, asionekane mwoga, akashika kisu akamchuna. Baba aliibeba ngozi mbichi shingoni mpaka nyumbani, siku ya tatu akatokwa na kipele, kipele kikawa kidonda cheusi kisichouma, shingo ikafura hadi pumzi ikakosa njia, akafariki tarehe 20 Novemba.

Bwana mifugo alipofika hakutubembeleza. "Ni kimeta. Mngemwacha bila kumpasua, vijidudu vingeozea humo humo ndani. Nyinyi mmevipa hewa, vimejivika gamba, sasa vitakaa kwenye udongo huu mpaka muwe na wajukuu."

Likizo ilikwisha tarehe 4 Desemba, basi la wachimbaji likaondoka bila Lebeko. Alikusanya mawe peke yake kwa miaka miwili, akalizungushia shamba lile ukuta wa kufika kifuani, chemchemi ikiwa ndani, na wanawake waliolazimika kufuata maji ng'ambo ya kilima walimlaani kila asubuhi, naye akawaitikia salamu. Alijenga kibanda cha kuulindia nje yake, upande wa chemchemi, na tangu hapo hakulala nje ya kijiji, hata harusi ya Puseletso kule Maseru mwaka 2008 aliiona kwenye picha. Mkewe alikuwa akisema, "Mke mwenzangu ni mawe matupu, hata kumsengenya sijui nianzie wapi," watu wakacheka, lakini yeye mwenyewe hakuwa akicheka.

Familia haitadanganya mbele ya jeneza kwamba alikuwa na furaha. Hakuwa nayo. Aliwahi kumwambia Khoaele, "Kule chini zamu ikiisha lifti inakupandisha juu. Hapa nani atanipandisha?"

Mwezi Januari 2016, wakati wa ule ukame, majani mabichi yalibaki ndani ya ukuta tu, na siku moja pengo likaonekana, ng'ombe wawili wa Ntate Mosala wakaingia wakala, wakafa tarehe 23, kijiji chote kikawekwa karantini, hakuna kuuza mnyama wala kuvusha, na baraza la chifu likamtia Lebeko hatiani kwa uzembe. Alisimama akasema, "Ukuta ni wangu, pengo ni langu," akakaa. Ng'ombe wale aliwachoma kwa kuni zake bila kuwapasua. Kwa miaka sita kuna watu hapa hawakumpa mkono.

Sasa sikilizeni. Pengo lile lilifunguliwa na Khoaele, huyu anayesoma, kwa mikono yake, mawe kumi na mawili, alfajiri, kwa sababu mbavu za ng'ombe wake zilikuwa zinahesabika, na kabla hajawaswaga waingie marehemu alimkuta hapo, akamfukuza, akasema, "Rudi nyumbani, hukuwa hapa. Mimi nimeshafungwa humu, hakuna haja tufungwe wawili." Alipokwenda kuchota udongo wa kuzibia, ng'ombe wa Ntate Mosala wakamtangulia kuingia. Ntate Mosala, siku ile ulitema mate miguuni pake. Ulimkosea mtu, na aliyestahili alisimama kando yako akanyamaza.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2021, akaandikiwa kwenda hospitali Maseru, akakataa kuuacha ukuta, akakubali kubebwa tarehe 2 Juni 2022 alipokuwa hawezi tena kusimama, na kila siku alipiga simu kuuliza upande wa chemchemi, kama mvua haijaangusha jiwe. Alifariki tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi katika baridi hii, wachimbaji wenzake wa zamani waliokuja na mablanketi yao, na bwana mifugo aliyempima juzi ng'ombe tuliyemchinja kwa mazishi haya akiwa amesimama kwa miguu yake, kwa hiyo kuleni bila hofu. Jana Khoaele amehamishia vitu vyake katika kile kibanda cha marehemu penye chemchemi, na Ntate Mosala akitaka kumtemea mate, atamkuta huko kila siku.

Lebeko, kaka yangu, zamu yako imekwisha, panda juu, upumzike kwa amani. Nimeshateremka mimi.