Sura Aliyoichora Severine Bayo

Baba Paroko, wazee wa Sigino, askari mliofanya kazi na marehemu, majirani, na ninyi nyote mliotoka karibu na mbali kuja kulia pamoja nasi, mimi ninayesoma ni Cornel Ombeni Bayo, marehemu ndiye kaka yangu aliyeniachia ziwa, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake na kamati imenipa dakika kumi, na naiomba kamati radhi mapema kwa sababu dakika hizo nitazivuka.

Marehemu Severine Ombeni Bayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapahapa Sigino, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu Mzee Ombeni Bayo na marehemu Mama Theresia, akaanza darasa la kwanza mwaka 1974, akamaliza la saba mwaka 1980, na nisiseme uongo mbele ya jeneza, darasani hakuwa wa kwanza wala wa kumi, ila madaftari yake yalirudi nyumbani yamejaa nyuso pembeni, za walimu, za kina mama wa kisimani, na siku moja uso wa baba akiwa amekasirika, ambao baba aliukuta, akautazama, kisha akauchana taratibu kutoka daftarini na kuutia kwenye mfuko wa koti lake la Jumapili.

Baada ya shule alipaka rangi mbao za matangazo ya hoteli na maduka pale mjini, hadi tarehe 2 Juni 1987 alipojiunga na Jeshi la Polisi, akapata mafunzo Moshi, akapangiwa Arusha, na mwaka 1996 akapelekwa Dar es Salaam kujifunza kuchora sura za watuhumiwa, yaani kukaa na mtu aliyetoka kuporwa au kuona ndugu yake akiuawa, kumuuliza polepole juu ya paji la uso, pua na kidevu, akichora na kufuta, akifuta na kuchora, mpaka mtu yule aseme huyu ndiye. Alifunga ndoa na Antonia, ambaye leo ni mjane wake, tarehe 25 Septemba 1993, wakajaliwa Paskalina, Yasinta na Theodori, na Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002 alihamishiwa Babati, akajenga nyumba hii mnayoiona, akawa mchoraji pekee wa aina yake hapa kwetu.

Ndugu waombolezaji, jana familia ilikaa juu ya sehemu inayofuata, wazee wakasema kwamba mtu hazikwi na aibu yake ikisomwa, wengine wakasema askari wenzake wataudhika, mimi nikapandisha sauti kuliko ilivyofaa msibani, mpaka Mama Paskalina, ambaye siku mbili alikuwa hajasema neno, akasema kwamba mume wake aliomba jambo hili lisomwe, alimwomba yeye na akaniomba mimi, kitandani, akiwa na akili zake timamu, kwa hiyo ama lisomwe lote au historia isisomwe kabisa na marehemu aende kaburini kimya, nasi tukakubali lisomwe.

Tarehe 19 Agosti 2006, jioni, huko Nangara, aliuawa Mzee Parkesian, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia kwetu kutoka Simanjiro, mtu mpole ambaye wengi wenu mlimfahamu minadani, na aliyemfungulia mlango muuaji alikuwa mkwewe, Naimutie, mke wa mwanawe, msichana aliyeolewa miezi michache tu nyuma, ambaye alimkaribisha yule mtu kama mgeni wa baba mkwe, akaenda jikoni nje kuchemsha chai, na aliporudi na chai mgeni hakuwepo na mzee alikuwa sakafuni.

Kesho yake Naimutie aliletwa kituoni, akakalishwa mbele ya kaka yangu, kati yao akakaa kijana mmoja mkalimani wa Kimasai, na tangu alipokaa mpaka alipoinuka binti yule hakuinua kichwa, na Severine aliona ni majonzi. Alimuuliza kama uso ulikuwa mrefu, akasema ndiyo baba, kama nywele zilikuwa na mvi pembeni, ndiyo baba, kama pua ilikuwa nyembamba na macho yameingia ndani, ndiyo baba, na penseli ikaenda kwa urahisi ambao Severine hakuwahi kuuona kwa shahidi yeyote, na urahisi ule, alituambia mwenyewe, ndio uliopaswa kumtisha, lakini mji mzima ulikuwa unasubiri, wakubwa walikuwa wanaingia na kutoka, na kabla ya mchana picha ilitolewa fotokopi na kubandikwa stendi, sokoni na kwenye nguzo za umeme.

Watu hawakuhitaji kuitazama mara mbili, kwa sababu sura ile ilikuwa ya Mzee Halidi, Baba Rahma, mwenye duka la madaftari pale Maisaka, duka ambalo Severine alinunua penseli na karatasi zake tangu alipohamia Babati, akisimama mbele ya uso ule kila wiki, akisalimiana nao na kutaniana nao, na kwa kuwa binti hakuwa amempa sura yoyote, mkono wake ulichukua sura uliyoizoea, yeye mwenyewe asijue.

Vijana walifika dukani kabla ya polisi, wakavunja mlango, wakamtoa Mzee Halidi hadi barabarani, mmoja akaja anaviringisha tairi na mwingine ana petroli kwenye chupa ya maji, na gari la polisi lilipofika, Severine alikuwa miongoni mwa walioruka kumnyakua. Mzee Halidi, shati limechanika na damu inatoka sikioni, alipomwona Severine alimshika mkono kwa nguvu, akamwambia Afande, wewe unanijua, hebu waambie, na kaka yangu, kwa sababu wakati ule alikuwa anaiamini picha yake kuliko mtu aliyemjua, akautoa ule mkono kwenye mkono wake na kumsukuma garini.

Wiki iliyofuata liliitishwa gwaride la utambulisho, wanaume wa umri mmoja wakapangwa mstari, Mzee Halidi akiwa katikati, na Severine akasimama kando kushuhudia. Naimutie alipofika kwa mtu wa kwanza, ambaye alikuwa na mvi, aliinamisha kichwa mbele yake na kusubiri, kama binti wa Kimasai anavyomwinamia mtu wa umri wa baba yake ili amguse utosini, na kwa mtu wa pili akafanya vilevile, na wa tatu, mpaka askari msimamizi akamwambia kwa ukali atazame nyuso, ndipo akainua macho, akaiona ile sura iliyobandikwa mji mzima, akamwonyesha Mzee Halidi kwa kidole. Watu wakashusha pumzi, lakini kaka yangu alituambia kuwa alielewa papo hapo kwamba mlangoni pa Mzee Parkesian binti huyu alimwinamia mgeni vivyo hivyo, na kama alimwinamia, basi uso hakuuona.

Alimtafuta Nalangu, mama aliyekuwa akipika kwenye kantini ya kituo na anayejua Kimasai tangu utotoni, akamwomba akae na Naimutie uani, wanawake wawili peke yao, na Naimutie akaeleza yote bila kulazimishwa, kwamba uso hakuuona, alichokiona ni miguu yenye makubadhi ya tairi, na kwamba mgeni alimwekea kiganja kichwani, na kwa vile kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, alikisikia kidole cha kati kimekakamaa, hakikunjiki, kimemkandamiza kama kijiti. Alipoulizwa kwa nini alikubali yote aliyoulizwa, alishangaa, akasema mtu mzima kama baba yake alikuwa anamuuliza mbele ya kijana wa kiume, angemwambia hapana mara ngapi. Naomba hapa nieleweke vizuri, hakuna lawama yoyote kwa binti yule, yeye alitoa heshima aliyofundishwa kwao, na aliyelipwa kwa kujua maana ya kichwa kilichoinama alikuwa kaka yangu.

Vidole vya Mzee Halidi vyote vinakunjika, kila aliyewahi kupokea chenji dukani kwake anajua. Severine alikwenda kwa mkubwa wake mmoja, nisiyemtaja, akamweleza, akajibiwa kwamba picha imeshafanya kazi yake, shahidi ameshaonyesha mtu, na yeye abaki kwenye penseli zake, na hapa ndipo penye aibu ambayo marehemu alitaka muisikie, kwamba alitii. Antonia alikuwa na mimba ya Theodori, nyumba hii ilikuwa haijaezekwa, yeye akaogopa kufukuzwa kazi, akala, akalala, akaenda kazini, Theodori akazaliwa Desemba tukasherehekea, tukachinja na mbuzi, na muda wote huo Mzee Halidi alikuwa mahabusu kwa kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa, na mkewe, Mama Rahma, alikuwa akipita barabara ile pale na chakula ndani ya kikapu, na kaka yangu alikuwa akimwona.

Mwezi Februari 2007 aliitwa mahakamani kuithibitisha picha yake, na asubuhi ile alimwambia Antonia afungashe nguo za watoto kwa sababu huenda wakahama nyumba za kazini bila taarifa, kisha akapanda kizimbani, akaapa, akaonyeshwa picha, akaulizwa kama ndiyo sura aliyoelezwa na shahidi, akasema hapana, shahidi hakunieleza sura yoyote, hii ni sura niliyoitoa kichwani mwangu mimi, na mtu huyu ameteswa kwa mkono wangu. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama anajua anachokisema, akajibu kwamba amekijua tangu Agosti, na mimi niliyekuwa nimekaa nyuma nilitaka ardhi initapike nje ya jengo lile, sijui kwa hofu au kwa fahari, mpaka leo sijui.

Mzee Halidi aliachiwa, na kaka yangu akashushwa cheo kutoka sajini kuwa koplo, akawekwa lindo getini, hakulalamika, na miaka minne baadaye waliporudi kumwomba achore tena alikubali kwa sharti lake, kwamba kabla ya kumuuliza shahidi juu ya uso atamuuliza kwanza alikuwa anatazama wapi, na mashahidi wengine aliwarudisha nyumbani na karatasi tupu, wakubwa wakakasirika, naye akawaacha wakasirike, hadi alipostaafu kwa heshima mwaka 2020, akiwa koplo.

Lakini muuaji wa Mzee Parkesian hakupatikana, na kwa kuwa hakupatikana, mji huu haukumwachia Mzee Halidi kama mahakama ilivyomwachia. Mlisema alihonga, mlisema picha haiwezi kufanana hivi hivi, mchumba wa Rahma akarudi nyuma siku chache kabla ya mahari, wateja wakavuka barabara kwenda duka la pili, na kaka yangu kila wiki, miaka yote ile, aliingia dukani mwake, akamsalimu, akanunua penseli, na Mzee Halidi alimpa penseli na chenji yake, hakuitikia salamu hata siku moja, na Severine alisema ana haki.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2021, akatibiwa hapa na baadaye Moshi, akawa anasafishwa damu kila wiki, hali ikabadilika mwezi Mei mwaka huu wa 2023, na alifariki dunia tarehe 9 Juni, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alichoniagiza niseme kwa niaba yake ni hiki, kwamba Halidi wa Maisaka hakumuua mtu yeyote, hakuwahi kufika kwa Mzee Parkesian, na aliyemtia kwenye jambo hili ni Severine Ombeni Bayo peke yake, kwa penseli yake na kwa ukimya wake, na kwamba anayetaka kuendelea kunong'ona baada ya leo, aje anong'one juu ya kaburi la mwenye kosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi dakika ya mwisho, inawashukuru majirani mliopika na kulala hapa nasi, kwaya, na askari wenzake waliochangia safari za matibabu, na hata wale ambao maneno yangu yamewachoma wajue kwamba tunawashukuru.

Namshukuru pia Mzee Halidi, ambaye amekuja leo, sikumwalika, sijui kilichomleta na sijamuuliza. Ameketi kule mwisho wa turubai, na kutoka hapa niliposimama ninaona kwamba watu wengi mmesimama juani kwa kukosa nafasi, na viti viwili, cha kulia kwake na cha kushoto, havina mtu. Nikikunja karatasi hii nitakwenda kukaa kimoja, na cha pili nawaachia ninyi.

Kaka Severine, nimesoma chote, sikuruka neno, pumzika kwa amani.