Uwanja wa Kukunja

Shiru alikuwa ametoka zamu na alitaka usingizi tu, lakini kwenye basi la Carrollton wanaume wawili mbele yake, Mkenya na Mkongomani, walibishania jaketi.

"Hiyo ni timu gani?" Mkenya aliuliza. "Ya mupira wa Kimarekani wa ndani ya nyumba," alijibu Mkongomani aliyelivaa. "Ilicheza misimu mitatu, ikakufa." "Wanapiga na mguu?" "Banabeba na mikono." "Basi huo si mpira, ndugu yangu. Ni mzigo."

Shiru alizuia kicheko.

"Uwanja ulikuwa zulia," alisema Mkongomani. "Mechi ikiisha, mimi naukunja kama mkeka. Mara ya mwisho nilikunja, nikangojea waniite kuukunjua. Nangojea mpaka leo."

Mkenya alimgusa bega. "Pole. Lakini si mpira."

Basi likasimama. Mkongomani akafunga zipu mpaka kidevuni, akashuka. "Ni mupira!"