Babu Vua Viatu Anaondoka, Kliniki Yake Inafungwa

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali hii, daktari wetu wa viungo vya watoto anastaafu. Niliombwa niandike maneno matamu, na matamu yapo. Lakini nina hasira, na yeye mwenyewe hapendi mtu anayeficha hasira.

Watoto humwita Babu Vua Viatu. Hakuna aliyeingia kliniki yake ya Alhamisi akabaki na viatu, hata mkaguzi kutoka wizarani, aliyesimama mbele yetu na soksi iliyotoboka kidoleni. Daktari alitaka kuona watu wanavyosimama. Mtoto akishatembea, alipiga magoti sakafuni na kupachika vibao vyembamba chini ya mguu mfupi, kimoja kimoja, mpaka nyonga zikae sawa.

Hivyo ndivyo alivyompokea binti mmoja aliyeletwa na bibi yake. Bibi alikuwa akiuchua mguu mfupi kwa mafuta miezi mingi, akidhani ndio mgonjwa. Kumbe mgonjwa ni ule mrefu. Goti la mtoto likivimba muda mrefu huvuta damu nyingi kwenye ncha ya mfupa inayokua, na mfupa huo ukamwacha mwenzake nyuma. Bibi hakukaripiwa. Waliokaripiwa ni madaktari wa ghorofa ya chini, waliomrudisha binti nyumbani kila mara wakisema ni maumivu ya kukua tu, na baridi yabisi ni ya wazee. Korido nzima ilisikia. Binti alitibiwa, fundi viatu akamwongezea soli upande mfupi, na leo anasomea ualimu.

Si wote waliowahi. Mvulana wa kidato cha kwanza aliletwa akiwa na kimo cha mdogo wake wa darasa la pili. Uvimbe wa viungo ulikuwa umemla hamu ya chakula na urefu, na vidonge vya steroidi, vya kutuliza uvimbe, alivyomeza miaka mingi bila kupimwa kimo vikamalizia. Daktari alimbadilishia dawa, akamweleza mama ukweli kwamba kimo kilichopotea hakitarudi chote, kisha akatoka nje akalipiga teke pipa la taka. Msafishaji alimwomba siku nyingine apige ukuta, maana ukuta haumwagi taka.

Sasa uongozi umeagiza keki ya kumuaga, umeagiza maturubai, umeshindwa kuagiza daktari. Mwenyewe aliomba zamani apewe kijana wa kumrithisha kazi, akaambiwa avute subira. Chumba chake kitawekwa viti vya mikutano. Watoto wa Alhamisi wataenda kliniki ya kawaida, palepale wanapoambiwa wanakua tu. Juzi mama mmoja, ambaye mwanawe goti limeanza kuvimba tena, aliniuliza: "Sasa Alhamisi ijayo nimlete kwa nani?" Mfupa wa mtoto hausubiri kikao cha bodi.

Daktari wetu, asante kwa watoto uliowasimamisha, na kwa makelele yote. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na usingizi mzito wa mchana. Keki tutaila. Yule mama nimemwalika mimi. Atakaa kiti cha mbele na mwanawe mapajani, na mkurugenzi akimaliza hotuba yake, swali lile atamuuliza yeye.