Jeti Mbili kwenye Kisosi

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, upande wa kivuli, na lina miguu mitatu na tofali. Ukutani tumepakana na gereji ya Plagi, fundi wa magari, anayeitwa hivyo kwa sababu daima ana plagi nyuma ya sikio, pale ambapo mafundi wengine huweka penseli. Mchana huo mbele yetu, boneti wazi kama mdomo wa mtu anayeng'olewa jino, lilisimama gari la shemeji yangu: kuukuu, la milango miwili, jekundu pale rangi ilipobaki, na injini ni ileile aliyoiendesha marehemu baba yake. Shemeji ni mwalimu wa udereva. Siku za kazi huwaambia watu wapunguze mwendo. Mwisho wa wiki hufungua buti, hufungua mtungi wa gesi ya nitrasi, na mwendo unamwambia yeye apunguze maneno. Gesi hiyo, kwa asiyeijua, haiwaki yenyewe. Inaipa injini pumzi ya ziada ili petroli iungue kwa fujo. Ukibonyeza kitufe, gari la mzee linakuwa kijana kwa muda mfupi. Ukikosea vipimo, linakuwa marehemu kwa muda mrefu. Jioni hiyo Shemeji alikuwa na miadi ya kushindana mbio na Mfamasia, mwenye gari jipya na mdomo mpya, kwenye uwanja wa ndege usiotumika. Na asubuhi, alipoijaribu gesi, injini ilitoa sauti ya kokoto ndani ya sufuria.

Plagi akachomoa plagi moja kwenye injini, si ile ya sikioni, akaiinua kwenye mwanga kama daktari mwenye habari mbaya.

Plagi: Njooni muone. Vidoadoa hivi vinavyometa ni pistoni. Imeanza kuyeyuka, inatutumia salamu.

Shemeji: Pistoni ya baba?

Plagi: Ya baba. Ukibonyeza kitufe tena hivi hivi, itatoboka, utarudi umevutwa kwa kamba.

Shemeji: Lakini wiki iliyopita nilibonyeza, ikavuta vizuri, ikatulia kama mtu aliyelelewa.

Plagi: Wiki iliyopita hakuna aliyekuwa ameiingilia.

Vikombe vyote vya kahawa vikasimama hewani.

Kinyozi: Kuiingilia vipi? Gari limelala uani kwangu, nyuma ya duka, chini ya turubai.

Plagi: Ndiyo maana naongea taratibu, bwana, una wembe mkononi.

Akainama ndani ya boneti, akarudi na vidude viwili vya shaba, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi, na tundu la kupita sindano katikati. Akavitia kwenye kisosi changu. Nilikuwa bado nakihitaji.

Plagi: Hizi ni jeti. Moja inapitisha gesi, moja inapitisha petroli. Tundu za hizi ndizo zinazosema nani aingie kiasi gani. Gesi ikiwa nyingi na petroli kidogo, moto unakosa chakula, unakula pistoni. Mimi nilizikaza kwa mkono huu. Leo nimekuta moja imelegea.

Shemeji akatutazama mmoja mmoja, jinsi anavyomtazama mwanafunzi aliyegonga ukingo na kusema ukingo ulisogea.

Mzee Geji akakohoa. Huyu alistaafu idara ya maji, alikokuwa akisoma geji za mabomba, na mpaka leo anaamini kila kitu duniani ni presha, pamoja na ndoa.

Mzee Geji: Si jeti. Ni presha. Mtungi ukipata joto, presha inapanda, gesi inakuja kwa wingi kuliko mlivyopanga. Nani aliuweka mtungi juani?

Shemeji: Mzee wangu, ulikuwa ndani ya buti.

Mzee Geji: Na buti lilikuwa wapi?

Shemeji: Juani.

Mzee Geji: Na nani aliliegesha?

Shemeji: Mimi.

Mzee Geji: Mshukiwa wa kwanza, mwenye mali. Naanza na wa nyumbani ili asiseme mtu nina upendeleo.

Kinyozi: Mzee, unahangaika bure. Jiulizeni injini ikifa, nani anafaidi? Fundi mbele ya injini nzima ni kama mimi mbele ya kipara. Tunasalimiana tu.

Plagi: Unanisema mimi?

Kinyozi: Sijataja mtu. Nimetaja kazi.

Plagi: Haya. Basi na mimi nataja kazi. Alhamisi Mfamasia alikuja kunyolewa hapa. Mfamasia ana nywele ngapi? Za kuhesabika, zote ziko juu ya masikio. Alikaa kwenye kiti chako mpaka kahawa yangu ikapoa. Mlikuwa mnanyoa nini?

Kinyozi: Tulikuwa tunaongea.

Shemeji: Mliongea nini?

Kinyozi: Mambo ya kawaida. Mvua. Bei ya... Jamani, mteja ni mteja!

Plagi: Na mlango wa kwenda uani uko wapi? Nyuma ya kiti. Na ufunguo wa uani unaning'inia wapi? Kando ya kioo. Na kinyozi anapompaka mtu povu usoni, anaangalia wapi? Usoni! Haangalii mikono!

Mimi: Unasema alichukua ufunguo?

Plagi: Kuchukua ni kwa wajinga. Aliubonyeza kwenye sabuni, apate alama ya kuchongea mwingine. Hebu tuoneshe sabuni yako.

Kinyozi: Imekwisha.

Plagi: Imekwisha! Mmesikia? Ushahidi umeoshwa.

Shemeji hakucheka. Alikuwa ameinamia injini, kiganja juu yake, kama anapima homa ya mtoto. Wiki nzima alikuwa akituambia kwamba Mfamasia alimwambia mbele za watu kuwa gari la baba yake ni chuma cha kupima kwa kilo. Kwa hiyo alikuwa na njia mbili: asiende, aonekane muoga, au aende, na aisikie injini ya baba yake ikivunjika mbele ya aliyeitukana.

Mzee Geji: Bado hamjafika kwenye kiini. Mtungi wenyewe jana tuliunyanyua, tukauona mwepesi. Sasa, gesi hii ndiyo ileile madaktari wa meno huwapa wagonjwa wakacheka ovyo. Mimi nauliza swali moja. Kwenye benchi hili, nani amekuwa akicheka bila sababu?

Tukageuka wote kumtazama Kinyozi.

Plagi: Jumatano alicheka hadithi ya Mzee Geji ya bomba lililopasuka.

Mzee Geji: Hadithi ile naisimulia tangu nikiwa kazini. Hata mke wangu hajawahi kuicheka, na enzi hizo alikuwa ananipenda.

Kinyozi: Nilicheka kwa heshima!

Plagi: Ulijishika mbavu. Heshima haishiki mbavu.

Mimi ndiye mchekeshaji wa benchi hili. Sina cheo kingine duniani.

Mimi: Na ile yangu ya mama mkwe na ngazi? Si mliicheka nyote?

Kila mtu akaangalia kahawa yake.

Plagi: Lakini tuseme haki. Gesi ya magari hutiwa harufu kali makusudi, watu wasiivute. Ukijaribu, badala ya kucheka unakohoa.

Kinyozi: Ahsante! Fundi amenitetea!

Akakohoa. Alikuwa amepaliwa na kahawa tu, lakini nani wa kumwamini? Plagi akasogea upande wa pili wa benchi.

Kinyozi: Mnanionea mimi, na huyo Mfamasia je? Mtu anayechanganya dawa kwa riziki yake, mnadhani atahangaika na vijijeti? Ametia kitu kwenye tangi. Dawa ya usingizi. Petroli inafika kwenye injini imesinzia.

Mzee Geji: Hapo umenena. Ndiyo maana presha haipo.

Plagi: Mzee, si umesema presha imezidi?

Mzee Geji: Imezidi upande mmoja kwa sababu haipo upande wa pili. Usinifundishe presha.

Kinyozi: Na yule aliyemuuzia Shemeji vifaa hivi, vya mtumba, vilivyotoka kwenye gari jingine? Amehama mji bila kuaga. Pua yake mliiangalia? Ni pua ya Mfamasia kabisa. Wale ni ndugu. Mmoja anauza ugonjwa, mwingine anauza dawa.

Plagi: Basi hata yule marehemu baba... 

Shemeji: Fundi. Baba yangu umwache.

Plagi: Namwacha. Nilikuwa nataka kusema hata yeye angeshangaa.

Kisha Mzee Geji akanielekezea kijiko.

Mzee Geji: Mbona huyu hatumuulizi?

Mimi: Mimi nimefanya nini?

Mzee Geji: Dada yako halipendi gari hili. Anasema siku moja litampa ujane. Wewe ni kaka yake. Dada akikuambia, kaka yangu, nenda kalegeze kitu, utakataa?

Mimi: Mzee, mimi siwezi hata kufungua kopo la maziwa!

Plagi: Aliyelegeza hakufungua. Alilegeza tu. Ni kazi ya mtu asiyejua.

Shemeji akanitazama. Tumeoana kifamilia miaka na miaka, amekula kwa mama yangu, na sasa ananitazama kama taa nyekundu. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, ili macho yaondoke kwangu.

Mimi: Tusigombane. Plagi azirudishe jeti kama zilivyotakiwa, twende zetu uwanjani. Ile yenye tundu kubwa ilikuwa ya gesi au ya petroli?

Plagi akainua kisosi, akakitazama. Akakizungusha. Akazitazama jeti tena, safari hii kwa jicho moja.

Plagi: Nani amezigusa?

Mzee Geji: Nilizishika kidogo, nisome namba zake. Miwani imebaki nyumbani.

Kinyozi: Mimi nilizipuliza vumbi.

Mimi: Mimi nilimwaga kahawa iliyokuwa chini yake.

Shemeji: Fundi, lakini wewe si unajua? Si wewe uliyezifunga?

Plagi: Nilizifunga. Lakini zilikuja zikiwa tayari kwenye mipira yake ya gesi na petroli, nikazifunga zilivyokuja. Kuna seti ambazo kubwa ni ya gesi, kuna seti ambazo kubwa ni ya petroli. Hizi za mtumba... 

Akaishia hapo, akajikuna nyuma ya sikio mpaka plagi ikaanguka.

Jua lilikuwa limeshasogea, na uwanjani watu walikuwa wameanza kukusanyika. Simu ya Shemeji ililia mara kwa mara kama kifaranga. Kinyozi ndiye aliyesema tupige kura. Msicheke. Kwenye benchi hili tumeshaamua kwa kura jina la mtoto na tarehe ya harusi, na mpaka sasa hakuna kilichoyeyuka.

Plagi: Mimi nasema kubwa iwe ya gesi.

Kinyozi: Kama Plagi anasema gesi, mimi nasema petroli. Sijui kwa nini anataka gesi.

Mzee Geji: Kinyozi akiwa petroli, mimi gesi. Yule anakohoa.

Mimi: Mzee amenisingizia. Mimi petroli.

Mbili kwa mbili. Tukamgeukia mwenye gari. Shemeji akatutazama wote wanne kwa zamu, na niliona wazi kwamba hatafuti jibu sahihi; anatafuta ni nani kati yetu anayemshuku kidogo kuliko wengine.

Shemeji: Petroli.

Plagi akazifunga, akapunguza taimingi, cheche zichelewe kidogo, kwa tahadhari, akafuta mikono, akashusha boneti kwa kishindo cha mtu anayefunga kesi. Tukapongezana. Kinyozi akampa Plagi mkono. Plagi akaupokea, kisha akahesabu vidole vyake.

Hapo ndipo dada yangu alipotokea kwenye kona, mfuko wa sokoni begani. Benchini kwetu huwa haji. Akipita huvuka barabara.

Dada: Hamjambo?

Sote: Hatujambo!

Dada: Limepona?

Plagi: Limepona kabisa, dada. Kazi imefanywa kwa ushirikiano.

Dada: Hakuna hatari?

Mzee Geji: Mwanangu, presha imekaa mahali pake.

Kinyozi: Lala usingizi, shemeji yetu.

Dada: Vizuri. Sasa nani kati yenu anakaa naye kiti cha pembeni?

Simu ya Shemeji ikalia, ikachoka, ikanyamaza.

Kinyozi: Mimi nina kichwa kinakuja kunyolewa.

Dada: Kichwa cha nani?

Kinyozi: Kinakuja.

Plagi: Fundi lazima awe nje, aangalie moshi.

Mzee Geji: Magoti yangu hayaingii kwenye magari ya milango miwili.

Dada: Kaka?

Nilifungua mdomo. Nina vichekesho kwa kila tukio, hata kwa mazishi. Hakikutoka hata kimoja.

Dada akatusubiri kwa adabu. Kisha akafungua mlango wa pembeni, akaweka mfuko wake wa sokoni kiti cha nyuma, akaketi, akafunga mkanda.

Dada: Basi nakaa mimi. Twende, mume wangu, watu wanakusubiri.

Shemeji alikwisha kukaa nyuma ya usukani. Akamtazama mkewe, akautazama mkanda ulivyopita kifuani pake. Akatutazama sisi kupitia kioo cha mbele, wanaume wanne na kisosi. Kisha akatoka, akaenda nyuma, akafungua buti. Tukasikia spana. Akaja na mtungi mikononi, akauweka katikati ya benchi letu, nafasi iliyokuwa baina ya Mzee Geji na Kinyozi.

Plagi: Sasa utamshindaje Mfamasia bila gesi?

Shemeji: Simshindi.

Akaingia garini. Injini ya baba yake ikanguruma mara moja, safi, bila kokoto, na wakaondoka. Dada alikuwa ameshateremsha kioo na mkono wake uko nje, unashika upepo.

Tukabaki na mtungi.

Kinyozi: Auchukue mtu akauweke ndani.

Plagi: Ndani kwa nani? Kwako?

Mzee Geji: Fundi asiuguse pia.

Mimi: Nipeni mimi.

Wote: Wewe?!

Kwa hiyo tuliulinda, kila mtu akiwalinda wengine. Kahawa ilikuwa imekwisha zamani. Birika lilikuwa ndani ya duka, hatua chache tu, na Mzee Geji alihitaji choo kuliko sisi tulivyohitaji kahawa, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuinuka.