Historia ya Marietha, Aliyempa Chausiku Sauti

Padre wetu, wazee wangu shikamooni, majirani wa Kibamba na ndugu mliotoka Ukonga na Tegeta, mie ni Valerian, kaka yake Marietha, fundi redio, shule yangu iliishia darasa la saba na mengine nimejifundisha mwenyewe, familia imenipa karatasi hii niisome baada ya kunionya nisigombane na mtu, hilo nimeahidi, ila kuficha sikuahidi.

Marehemu Marietha Evarist Rwegoshora alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 katika kota za magereza Ukonga, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Evarist, aliyekuwa askari pale, na mama yetu Apolonia, aliyekaa hapa mbele yenu.

Alisoma shule ya msingi huko huko Ukonga kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, akachapwa mara nyingi kwa kuchora watu wa chuma wenye macho ya taa pembeni mwa daftari la hesabu, kisha sekondari kuanzia 2004 hadi 2007.

Mwaka 2008 aliajiriwa katika stesheneri moja Tegeta, akichapa barua na kadi za harusi, na mteja akishatoka anaigeukia kompyuta ile ile kujifundisha kuzitembeza picha zake, mie nikamwambia, "We Mari, huyo mtu wako anatembea kama kavaa viatu vya kuazima," akanijibu, "Subiri, braza, utamlipia kiingilio."

Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa na shemeji yetu Deusdedit, wakajaliwa mtoto mmoja, Benedicta, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2014.

Mwaka 2016, yeye na mwenzake Walid, ambaye baba yake aliwapa chumba nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi Tegeta, walianza filamu ya katuni za kompyuta, na kwa msiojua, ni hadithi ya Dar ya miaka mia ijayo, pikipiki zinapaa juu ya Barabara ya Bagamoyo na foleni iko hewani, kampuni moja inakusanya sauti za waliokufa na kuzipangisha kwa wafiwa, mpaka msichana mwenye mkono wa chuma, Chausiku, anapopigana ghorofa kwa ghorofa akauzime mtambo unaomfanya marehemu mama yake aendelee kuongea, na sauti ya Chausiku ilikuwa ya Marietha mwenyewe, na sekunde moja tu ya kuruka kwake ukutani iliwachukua wiki nzima.

Novemba 2024 alianza kuumwa koo, tukadhani ni vumbi, tarehe 11 Februari 2025 alifanyiwa upasuaji uliookoa pumzi yake na kuchukua sauti yake, kuanzia Aprili akawa analishwa kwa mrija, maneno yake yote akayaandika daftarini, na filamu ilikuwa imebakiza sentensi moja tu, ile ya Chausiku akiwa ameshika swichi. Tarehe 2 Juni aliniandikia, akaichana karatasi akanipa, naisoma kama ilivyo, "Kaka, nisipopona, mwacheni Chausiku anyamaze. Msinitengeneze."

Alifariki dunia Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, mikononi mwa mume wake.

Mchana ule ule Walid aliniambia ipo mashine inayoweza kujifunza sauti ya Marietha kutokana na alivyorekodi miaka yote, ikaimalizia ile sentensi, nami, karatasi ya dada yangu ikiwa mfukoni, nikamwambia, "Fanya," kwa sababu mie ni fundi, kitu kikizima nakifungua, wala sikumwonyesha Walid karatasi, kwa hiyo asinyooshewe kidole, kosa ni langu.

Juzi Jumanne Walid akaja na sauti hiyo ndani ya simu tuisikilize, kumbe mashine imeifundisha hata kujibu anayeongea nayo, ikasema, "Shikamoo, mama," na mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu, uko wapi?" nayo ikajibu, "Nipo, mama," kina mama waliokuwa wanapepeta mchele mikono ikawaganda juu ya nyungo. Mama akaichukua simu ile, hakuiachia, uji ukapoa mbele yake, anaongea nayo taratibu kama anabembeleza mtoto, nami mwenye hasira za kusifika nikashindwa hata kuingia chumbani. Jana asubuhi akaniita, akasema, "Vale, nimemuuliza kama amekula, kaniambia amekula, ameshiba. Mwanangu hajameza kitu tangu Aprili. Marietha hakunidanganya hata siku moja. Mrudishie Walid mtu wake."

Walid ameifuta sauti ile mbele yetu sote, na filamu itatoka hivyo hivyo, Chausiku atashika swichi, atafungua mdomo, hamtasikia kitu, na atakayeuliza sauti imekwenda wapi, mwambieni mlikuwepo ikizikwa. Lakini nisiwadanganye kwamba yamekwisha, leo alfajiri nimemsikia mama akiitikia marahaba chumbani peke yake, na simu haikuwepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliobeba maji na viti bila kuitwa, wenzake wa stesheneri, na Walid na baba yake, waliofunga duka siku zote hizi wakakaa nasi.

Marietha, karatasi yako nimeisoma mbele za watu, kwa kuchelewa, pumzika, na sauti yako nayo ipumzike kwa amani.